Riwaya za ajabu: kwangu mimi, ajabu isiyo na deni haina ladha. Leteni maoni

MwanaKambi:

Wakuu, habari za jioni. Huku Kampala mvua imetushika tangu saa tisa, umeme umekatika na watu wa boda wamejibanza vibarazani. Nimekaa dukani nasubiri ipungue, basi acha niandike jambo nililolibeba muda mrefu. Ni refu, asiye na haraka avute kiti.

Mimi ni msomaji wa riwaya za ajabu. Fantasia, bunilizi za kisayansi, mizimu, falme zisizo kwenye ramani, zote nasoma. Baba alikuwa askari, nikazaliwa na kukulia kambini, na pale sisi watoto wa Waacholi, Walugbara, Wateso na Wanyankole tulikuwa na lugha moja tu ya kugombania mpira, nayo ni Kiswahili. Hadithi za jioni zilikuja kwa lugha hiyohiyo. Leo mama wa Kilugbara anatupa zimwi, kesho mzee wa Kitooro anatupa Bachwezi, wale watawala wa masimulizi ya kale, na sisi tunameza zote. Ndiyo maana mtu akiniambia fantasia ni mambo ya Wazungu na majoka yao ya kutema moto, nasikitika, kwa sababu najua naye alisimuliwa utotoni, ila amesahau.

Hoja yangu ni hii. Riwaya ya ajabu naipima kwa swali moja: nani analipa? Mtu akiruka angani, akifufuka, akiita upepo ukaja, nataka kujua deni limeandikwa wapi na litadaiwa kwa nani. Mwandishi akinipa ajabu ya bure, baada ya wiki sikumbuki hata jina la shujaa.

Mfano wa kwanza ni wa nyumbani: Kintu ya Jennifer Nansubuga Makumbi, iliyochapishwa Nairobi mwaka 2014 baada ya muswada wake kushinda shindano la wachapishaji wa Kwani? mwaka uliotangulia. Hadithi inaturudisha 1750. Kintu Kidda, gavana wa jimbo la Buddu, yuko safarini na watu wake kwenda kumwamkia kabaka mpya, yaani mfalme wa Buganda. Amefuatana na Kalema, kijana aliyemlea kama mwanawe ingawa baba mzazi ni Ntwire, mgeni kutoka Rwanda. Kijana anakinywea kibuyu cha Kintu, na hilo ni mwiko. Kintu anamzaba kofi. Ni kofi moja tu, lile la mzazi kumkanya mtoto. Kijana anaanguka na kufa. Kisha Kintu anarudi nyumbani, na mdomo unakataa kumwambia Ntwire. Laana inazaliwa hapo, na inatembea ukoo kwa ukoo mpaka mwaka 2004, mpaka mtaa wa Bwaise hapa Kampala, mpaka kwa watu waliosoma vyuo vikuu.

Tazameni alivyoijenga. Hakuna radi wala sauti ya mawinguni. Kuna kofi, halafu kuna ukimya, na ukimya ndio unaozaa riba. Safari ile ilipita Lwera. Mimi nikipanda basi la Masaka tukafika Lwera, pale kwenye malori ya mchanga na wauza samaki kando ya barabara, abiria wengi wamelala. Mimi silali. Natazama tope na matete hadi tuyapite.

Mfano wa pili ni wa mbali. Ursula K. Le Guin, A Wizard of Earthsea, 1968. Ged ni kijana wa kisiwa cha Gont, ngozi yake kahawia inayoelekea wekundu, ana kipaji kikubwa na kiburi kikubwa zaidi. Akiwa katika shule ya uchawi ya Roke anataka kumwonyesha mwenzake kwamba anaweza, anamwita mtu aliyekufa, na kwenye ufa aliouchana kinatoka kivuli kinachomrarua uso. Mkuu wa shule anakufa akiuziba ufa ule. Mwanafunzi amekopa, mzee amelipa kwa uhai wake, na bado deni halijaisha.

Kitabu hiki nilikisoma nusu tu nikiwa sekondari. Mwalimu mmoja alikikuta chini ya godoro langu bwenini, akasema ni cha mashetani, akaondoka nacho. Sikukiona tena. Kilikuwa cha kuazima, na mwenyewe nilimlipa sukari yangu ya mwezi mzima, vijiko nikimhesabia kila asubuhi. Nilikuwa nimefika pale Ged anakimbia na kivuli kiko nyuma yake.

Tolkien namheshimu kwa sababu hiyohiyo. Ni mzaliwa wa Bloemfontein, 1892, akapelekwa Uingereza akiwa mdogo. The Lord of the Rings ilitoka kwa juzuu tatu mwaka 1954 na 1955, na nakubali kwamba kuna kurasa nyingi za kutembea tu. Lakini pete ya uovu ikishateketea, Frodo aliyeibeba anarudi kijijini kidole kimoja hakipo, na kijiji alichokiokoa hakimkai tena. Anashindwa kuishi ndani ya amani aliyoinunua mwenyewe. Riwaya ngapi zina ujasiri huo?

Nisizozipenda ni hizi ambazo mtoto anazaliwa mteule, nguvu anazo tangu ukurasa wa kwanza, anapigana, anashinda, anaoa. Sitaji majina.

Na msiniambie Kiswahili hakina. Shaaban Robert alituandikia Kusadikika mwaka 1951, nchi iliyoko angani, ambako Karama anasimama kizimbani kwa kosa la kutaka watu wajifunze sheria, na utetezi wake ni habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema ya nchi nyingine wakarudi kuadhibiwa. Adili na Nduguze, 1952, ndiyo inayonikaa zaidi. Kila usiku Adili anashika mjeledi na kuwachapa manyani wawili, na manyani hao ni Hasidi na Mwivu, ndugu zake wa tumbo moja, waliogeuzwa kwa ubaya waliomtendea. Anawachapa kwa sababu amelazimishwa, na kila pigo linamuuma yeye. Waliokosa ni wao, na mkono unaochoka ni wa asiye na kosa. Mimi ni mtoto wa kwanza kati ya saba, na sura hiyo nimeisoma nikiwaza mambo ya nyumbani kwetu ambayo hapa siyasemi.

Haya, nipingeni.

Atwooki_FP:

Ndugu MwanaKambi, sijui empaako yako, lile jina la heshima la kwetu, basi nakusalimu hivyohivyo. Nimesoma mpaka mwisho, lakini kuhusu Ged umeruka jambo ambalo sisi wa Tooro linatugusa kuliko yote. Majina!

Kule Earthsea kila kitu na kila mtu ana jina lake la kweli, na anayelijua ana mamlaka juu yake. Kwa hiyo watu hulificha, wakaitwa kwa jina la matumizi. Sasa mimi nimelelewa hivi: kumwita mzazi kwa jina lake ni kumvunjia heshima. Unamwita Amooti, Akiiki, Adyeri, mojawapo ya yale kumi na mawili, na hata mgeni unamwuliza kwanza empaako yake kabla ya habari za safari. Mwaka 2013 UNESCO iliiweka empaako kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na ninyi wa mjini mnajua kwa nini.

Nilipofika pale wanapoagana, rafiki yake Vetch akamwambia Ged jina lake la kweli bila kuombwa, nilikiweka kitabu chini. Nikaenda nje kusimama. Msomaji asiyelelewa na majina ya namna hii ataona ni urafiki tu. Mimi niliona mtu anaukabidhi uhai wake kwa maneno mawili matatu, halafu anarudi kula chakula.

Linaloniuma ni hili. Mapango ya Amabere ga Nyinamwiru hayako mbali na mji wetu wa Fort Portal. Watalii wanafika, wanaonyeshwa mawe yanayoning'inia na matone meupe yanayodondoka, wanaambiwa habari za mfalme Bukuku aliyemkata binti yake matiti asije akaolewa na kuzaa. Binti akazaa, naye mtoto ni Ndahura wa Bachwezi, aliyekuja kumwua babu yake. Dakika ishirini, picha, gari linaondoka. Deni unalolitafuta limejaa ndani ya hadithi ile, mkuu, na mimi sijapata kuishika riwaya nene ya Kiswahili inayomfuata Nyinamwiru mwenyewe, alichokula, alivyolala, alivyomtazama baba yake siku ya pili.

BintiPakwach:

Kaka MwanaKambi, umeandika vizuri, lakini hoja umeikaza mno. Ruhusu nikupinge kwa hadithi ambayo huku kwetu kila mtoto anaijua, ya mkuki, tembo na ushanga.

Labongo na Gipir ni ndugu. Tembo anaingia shambani, mmoja anadaka mkuki ulio karibu, kumbe ni wa nduguye, anamchoma tembo na tembo anakimbia nao. Mwenye mkuki anakataa mwingine wowote. Anataka uleule. Basi mwenzake anafunga safari mpaka nchi ya tembo, na huko anakutana na bikizee anayempa mkuki pamoja na shanga nzuri ambazo hakuna aliyepata kuziona. Anarudi. Siku moja watu wanazitazama shanga, mtoto mchanga wa yule mwenye mkuki anameza moja. Na huyu mwenye shanga naye sasa anataka ileile. Mtoto anapasuliwa tumbo. Ndugu wanakwenda mtoni hapa kwetu, wanafukia shoka, na tangu hapo mmoja huku, mwingine kule. Masimulizi hutofautiana nani alikuwa mwenye mkuki, lakini mtoto anakufa katika yote.

Sasa mwangalie yule bikizee. Alidai nini? Hakudai kitu. Alimkuta mtu amepotea katikati ya tembo, akampa alichotafuta na zaidi. Ajabu ilikuwa bure kabisa, na deni waliliingiza binadamu wenyewe kwa mdomo wao. Kwa hiyo usiseme ajabu ya bure haina ladha. Bibi yangu akifika kwa bikizee alikuwa anapunguza sauti, na sisi tulimpenda bikizee yule kuliko wale ndugu wawili.

Na katika Kiswahili ninayempenda ni Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Nagona ilitoka 1990, Mzingile 1991. Ni vitabu vyembamba, unavimaliza kwa siku moja na huelewi, unarudia. Hamna hesabu ya nani kakopa na nani kalipa. Kuna mtu anatembea katika nchi iliyonyamaza, anatafuta, na lugha inamvuta. Nagona nimeisoma mara nne. Ukiipima kwa swali lako itafeli, na mimi nasema swali lako ndilo lenye kasoro.

Halafu nijibu kitu kimoja, kile kitabu alichochukua mwalimu ulikuja kukimaliza?

MzeeWaMbale:

Wanangu, nimefundisha Kiswahili miaka mingi na sasa nimestaafu. Uzi huu umenifurahisha, na umenipa uchungu pia.

Mwanangu wa kambi, kama unataka deni, tafuta Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, 2001. Babu aliyekufa anatoka kaburini na kumwendea mjukuu wake, mtu mkubwa serikalini, aliyeshiba wakati nchi ina njaa. Hakuja kumnyonga wala kumtisha kwa meno. Amekuja kumwonyesha aliyoyafanya. Niliwasomea watu wazima darasani, na askari mmoja aliyekuwa anasomea cheti aliinuka akaenda dirishani, akakaa huko mpaka kipindi kikaisha. Sikumwuliza.

Uchungu wangu ni upatikanaji. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili katika katiba yetu tangu marekebisho ya 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kukisukuma mashuleni. Nenda sasa kwenye duka la vitabu hapa mjini. Utapata sarufi, utapata vitabu vya maswali na majibu ya mtihani. Riwaya hakuna. Nakala yangu ililetwa kutoka ng'ambo ya mpaka wa Busia na dereva wa lori, na nilimlipa yeye kuliko nilivyomlipa mwuzaji. Mtoto wa Uganda akijua Kiswahili kwa mtihani tu, atakiona lugha ya adhabu. Mpeni zimwi, mpeni mzimu wa babu. Atauliza mwenyewe maana ya maneno.

KijanaEntebbe:

Heshima zako, Mzee. Mimi naleta upande wa sayansi kidogo.

Dilman Dila wa Tororo hamjamtaja, nami nashangaa. Mkusanyo wake A Killing in the Sun ulitoka 2014. Si riwaya, ni hadithi fupi, lakini ndani kuna mbu waliobuniwa maabara wanaoua kijiji kizima. Mimi naishi karibu na msitu wa Zika. Watu wa nje wakisikia jina wanafikiri ni ugonjwa tu, kumbe ni mahali, kuna miti, kuna njia ya kupita kwa miguu, na kirusi kile kiligunduliwa mwaka 1947 kwa kima aliyewekwa pale na watafiti. Ukiishi hapa, hadithi ya mbu wa maabara huisomi kama ndoto. Unaisoma madirisha yamefungwa.

Hapo namuunga mkono MwanaKambi. Katika bunilizi za kisayansi deni lipo hata bila mzimu, na mara nyingi anayelipa si yule aliyefanya jaribio. Someni pia kitabu kiitwacho Binti cha Nnedi Okorafor, 2015. Msichana wa Kihimba anatoroka kwao kwenda chuo kilicho sayari nyingine, amejipaka udongo wa kwao mwilini, na anafika akiwa hai lakini nywele zake si nywele tena. Ni kitabu kifupi, unakimaliza njiani ukiwa umekwama kwenye foleni.

MwanaKambi:

Wakuu, umeme umerudi, nimesoma yote mara mbili.

Dada BintiPakwach, kwa bikizee umenishika. Ni kweli hakudai. Nimekaa nikajaribu kujitetea kwamba shanga zenyewe ndizo zilizobeba deni, lakini hapana, ningekuwa napindisha hadithi ya bibi yako. Zilikuwa zawadi. Kwa hiyo swali langu nalirekebisha hivi: binadamu anafanya nini na ajabu ikishamfikia mkononi? Kintu hakupewa ajabu yoyote, alipewa mtoto wa mtu amlee. Ndugu wale walipewa shanga. Kuhusu Nagona bado nabisha. Niliisoma mara moja nikaichoka katikati, lakini umesema mara nne, basi nitairudia kabla sijasema neno jingine.

Atwooki, mimi sina empaako, nipe moja ukiona inanifaa. Mzee, shikamoo. Dereva wa lori wa Busia ninaye wangu pia, anapita Mbale kila wiki. Ukiniruhusu, niazime Babu Alipofufuka, nitakifunga kwa nailoni na kukirudisha kwa mkono wake, nami nitakutumia Adili na Nduguze yangu ikae kwako kama rehani.

Sasa swali la kitabu. Ndiyo, nilikimaliza, baada ya miaka kumi na mmoja. Nilikikuta kwenye vitabu vya mitumba, vimetandazwa juu ya gunia, jalada si lile la kwanza lakini nililijua jina. Miaka yote hiyo kichwani mwangu Ged alikuwa anakimbia. Nimemaliza shule, nimemzika baba, nimefungua duka, na yeye bado anakimbia na kivuli kiko nyuma yake. Ambaye hajasoma aruke hapa. Kumbe ningepewa sura chache tu zaidi bwenini siku ile, ningefika anapomrudia mwalimu wake wa kwanza, mzee Ogion, kule Gont, na Ogion anamwambia ageuke. Kivuli ndicho kifuatwe. Akageuka.

Nilisoma kwa mshumaa mpaka jogoo wa jirani akawika. Nilipofika pale wawili hao wanapokutana baharini na kuitana kwa jina moja, nilirudi nyuma nikatafuta ukurasa ule wa bwenini, nikausoma tena polepole, halafu nikaendelea kuanzia pale bila kusimama.